Zamu ya Jumanne

Kwa miaka miwili mimi na jirani yangu hatukusalimiana, ingawa kila Jumamosi alfajiri tulikaa kwenye mikeka ya jumuiya moja, tukisali Rozari ile ile na kuitikia nyimbo zile zile. Chanzo kilikuwa maji. Alipojenga ukuta wake, maji ya mvua yaliyotoka kwenye bati lake yaligeuza njia yakawa yanamiminikia nyuma ya jiko langu, na masika ya kwanza hayajaisha, plasta ilikuwa imebanduka vipande vipande. Nilipomweleza, alinijibu kwamba maji hayana mwenyewe, nami nikalitunza neno lile kama mtu anavyotunza stakabadhi.

Vijana wanaojiandaa kwa Kipaimara huniuliza inakuwaje mtu asali miaka yote hiyo na bado ashindwe kumpenda wa jirani. Kwa niliyoyapitia, naona kosa letu ni kungoja moyo ulainike ndipo tutende. Imani huanza kutufundisha upendo kwa kutuma miguu na mikono, na moyo hufuata nyuma, pengine kwa kuchelewa sana.

Ndiyo maana nazithamini jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa ukanda wetu, kupitia AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walizitilia mkazo katika mkutano wao wa mwaka 1976 ili Kanisa liishi pale pale watu wanapoishi. Kwaya unaweza kuichagua kwa sababu rafiki zako wamo, na kanisani unaweza kukaa benchi la mbali na usiyempenda, lakini jumuiya hukupa waliokuzunguka, akiwemo yule ambaye kuku wake wanachakura mchicha wako.

Hatua ya kwanza niliipata kwenye kitubio. Padre aliniuliza kama ninamwombea jirani yangu, nikajibu kwa haraka kwamba ndiyo, namwombea Mungu ambadilishe tabia. Akasema hayo ni mashtaka, kisha akanitaka nimwombee kitu ambacho yeye mwenyewe angekiomba. Mwanawe alikuwa akisubiri matokeo ya kidato cha nne, basi nikaanza kumwombea kijana huyo kila jioni, siku za mwanzo kwa midomo tu, tena kwa sauti ya mtu anayelipa deni asilolitaka. Hata hivyo, ni vigumu kuomba mwezi mzima mtoto wa mtu afaulu huku ukitamani baba yake aaibike, na ukijaribu utaona mwenyewe ni lipi linalokufa kwanza.

Kisha mke wake akalazwa baada ya upasuaji. Mwenyekiti alipanga zamu za kupeleka uji, na Jumanne ikaniangukia mimi. Nilitafuta udhuru, sikuupata. Nilifika wodini na chupa ya uji wa ulezi, nikamkuta amelala peke yake, mikono inamtetemeka kiasi kwamba kikombe kilimshinda. Nikakishika mimi. Alikunywa funda mbili, akapumzika, akanywa tena, na katikati ya kunywa akaniuliza kwa sauti ndogo kama jiko langu bado linaingiza maji. Muda wote ule haikunijia kwamba jambo hilo liliwakosesha raha na wao pia.

Paulo anawaambia Wakorintho kwamba upendo hauhesabu mabaya. Mimi ni mweka hazina wa jumuiya, daftari la michango liko mkononi mwangu, na wasiolipa nawaandika kwa wino mwekundu, kwa hiyo najua kuhesabu. Ushauri wangu kwa mwenye tabia kama yangu ni kwamba asijilazimishe kusahau, kwa kuwa hatasahau. Achague mtu mmoja, amwombee kwa jina, na ikitokea kazi ya kumhudumia aipokee kabla hajajisikia tayari.

Niongeze neno moja, kwa kuwa nimesikia mafundisho haya yakitumiwa vibaya. Anayepigwa nyumbani asiambiwe avumilie kwa jina la upendo. Anahitaji usalama na msaada wa sheria, na jumuiya inayomnyamazisha inashiriki katika kumuumiza. Ninayoyasema hapa ni ya kinyongo kati ya majirani, kile tunachokwenda nacho hadi kwenye Komunyo.

Masika ya mwaka huu maji yalirudi nyuma ya jiko. Nilimpigia simu jirani yangu, akaja na jembe na buti za mpira, tukachimba mtaro hadi jua likawa kali. Tulibishana tena, safari hii kuhusu mtaro uishie wapi, mpaka mke wake alipotuita kunywa chai.