Fundi mzuri akianza kuharibu kazi, usikimbilie kumfokea

Nimesimamia saiti Dar es Salaam kwa miaka 14, na kosa ninalolijutia kuliko yote halikuwa la vipimo. Nililifanya asubuhi moja Tegeta, ghorofa ya tatu, mbele ya watu 20.

Fundi nondo wangu, tuliyefanya kazi pamoja miaka sita, alikuwa amefunga ringi za nguzo, zile nondo nyembamba zinazozungushwa kushika nondo kuu, kila baada ya sentimita 30. Mchoro ulisema 15. Huyu ni mtu ambaye akishika koleo na waya hahitaji futi, mkono wenyewe unajua. Nikamfokea, nikamuuliza kama amelewa. Vijana wakacheka. Yeye akainama, akaanza kufungua waya mmoja baada ya mwingine bila kunijibu neno. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Niliiona, na bado nikaondoka.

Siku mbili baadaye, saa moja usiku, mlinzi alinipigia simu: fundi hajashuka, amekaa peke yake juu ukingoni. Nilipanda zile ngazi za mbao sijui nitasema nini. Nikakaa karibu naye, nikamwambia, "Kaka, juzi nilikukosea." Alinyamaza muda mrefu, kisha maneno yakaanza kutoka. Wiki saba hajalipwa. Alichukua mkopo wa kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa, ili alipe kodi ya chumba, na wenye mkopo walikuwa wamekuja kubeba jiko la gesi na godoro, wanawe wakitazama. Nikamuuliza waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Akaitikia kwa kichwa.

Wengi wanaliogopa swali hilo, wakidhani watamtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Sivyo. Mwenye wazo hilo tayari analo, na ukimuuliza unampa pa kulitua. Akikujibu ndiyo, usimwache peke yake usiku huo. Sisi tulishuka pamoja, nikampigia kaka yake akaja, na asubuhi tukaenda watatu kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa. Njia nzima alikuwa akiuliza kama atakamatwa. Hofu hiyo ina chanzo, maana Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, na Januari 2025 Mahakama Kuu yao ikatamka kwamba kinapingana na Katiba. Natamani nasi tufike huko. Ila mwambie mwenzako hivi: kumweleza daktari mawazo yanayokusumbua si kosa.

Sasa pesa, kwa sababu hapo ndipo mengi yanapoanzia. Mwenye jengo anasubiri mhandisi mshauri apime kazi iliyofanyika, mkandarasi anasubiri mwenye jengo, fundi mkuu aliyechukua kazi kwa kipande anamsubiri mkandarasi. Kila mmoja anachelewesha siku chache tu, na saidia fundi aliye mwisho wa foleni anazibeba zote. Usilete mtu wa kuwafundisha vibarua kutunza akili zao Jumamosi asubuhi kama jioni hutawalipa. Na kama pesa haitaingia, sema Jumatano. Kuambiwa Jumamosi saa kumi na mbili, mtu ameshanawa saruji miguuni na nauli hana, kunamvunja. Akijua Jumatano anaweza kuongea na mwenye nyumba mapema, kabla hajaenda kwa kausha damu.

Wa kwanza kujua nani hayuko sawa ni mama ntilie. Anajua nani ameacha kula, nani anakula kwa deni, nani anasukuma sahani baada ya tonge mbili. Mimi siku hizi kila nikienda kula namuuliza, "Dada, vijana wangu wanakulaje?" Nimeambiwa mengi pale kuliko kwenye kikao chochote cha asubuhi. Kikao cha asubuhi ni cha helmeti na mikanda. Mambo ya moyoni hayasemwi mbele ya genge zima. Mchukue mtu mkahesabu nondo stoo, muulize huko. Atakujibu "poa tu, bosi." Mwache, kesho muulize tena, safari hii ukitaja ulichokiona: "Naona siku tatu hujala mchana." Hapo ndipo wengi wao hufunguka.

Wahandisi vijana nao tunawasahau. Ghorofa lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 na watu wakafa, mhandisi mmoja chini yangu aliacha kulala. Saa tisa usiku alikuwa anakuja saiti na tochi, anapapasa mirunda chini ya zege tulilomwaga, mmoja mmoja. Nilianza kukagua naye kila jioni, tunasaini wote wawili, ndipo anakwenda nyumbani. Baada ya wiki kadhaa usingizi ulirudi.

Fundi wangu bado anaenda kliniki. Mwezi wa kwanza alikuwa anaficha tarehe, kwa sababu siku asiyofika hana posho. Kama unamsimamia mtu wa namna hiyo, siku ya kliniki mwandike kwenye daftari la mahudhurio kuwa yupo, na jioni umlipe kama wenzake.