Gemu Feki Huanza Vizuri

Ubaya wa kaseti feki ya gemu ni kwamba siku ya kwanza haikupi shida yoyote. Unaichomeka, nembo inatokea, muziki unapiga, unachagua Pokémon wako na safari inaanza. Yangu ilikuwa Pokémon Emerald ya Game Boy Advance, ile mashine ya gemu ya mkononi ya Nintendo, nimeinunua mtandaoni kwa muuzaji mwenye nyota nyingi tu. Nilicheza kwa raha zangu mpaka nikamshinda bingwa wa mwisho. Gemu ikajihifadhi, nikazima. Kuwasha tena, hola: mchezo mpya, kana kwamba sijawahi kuigusa.

Nilipomwandikia muuzaji, jibu lilikuja haraka mno: "Hiyo ni betri tu, gemu ya zamani, badilisha betri." Hapo ndipo wengi wanapopigwa changa la macho, kwa sababu maneno yenyewe yana harufu ya ukweli. Kwenye Pokémon Gold na Silver za Game Boy betri ndiyo inayotunza mchezo wako kweli, na ikifa kila kitu kinapotea. Emerald siyo hivyo. Emerald halisi huhifadhi mchezo kwenye chipu ya flashi, kumbukumbu isiyohitaji umeme ili kuutunza, na betri yake kazi yake ni kuendesha saa. Ikiisha, gemu inakwambia betri imekauka, matukio yanayotegemea saa yanasimama, lakini mchezo wako unabaki palepale. Kwa hiyo Emerald inayosahau mchezo na kusingizia betri ni ya kutiliwa shaka mara moja. Wanaozitengeneza feki mara nyingi huweka kumbukumbu ya aina nyingine na kuichezea programu ili iikubali, ndiyo maana inakubali kwa muda, kisha inakuumbua. Nyingine hukutolea ujumbe kuwa bodi ndogo ya 1M haijawekwa. Ukiuona huo, usipoteze muda kufuta vumbi kwenye meno ya kaseti.

Mzigo ukifika, basi, usianze kucheza. Kagua kwanza. Ielekeze lebo kwenye mwanga na uiinamishe kidogo: kaseti halisi ya Game Boy Advance huwa na tarakimu zilizogandamizwa kwenye karatasi ya lebo, hazina wino, unaziona kwa kivuli chake tu. Kisha chungulia upande wa meno ya dhahabu. Juu yake kidogo, kwenye bodi, jina la Nintendo limechapwa, na unalisoma bila kufungua chochote. Skrubu ya nyuma ina mabawa matatu, kama herufi Y. Ukikuta ya msalaba ya kawaida, kuna mkono umepita hapo. Ukiwa na bisibisi yake unaweza kufungua, ila mimi hufungua baada ya picha zote kupigwa, na video ikiendelea, maana muuzaji mjanja atasema wewe ndiye uliyebadilisha vitu vya ndani. Pokémon HeartGold na SoulSilver za DS, mashine nyingine ya mkononi ya Nintendo, ni rahisi zaidi: kaseti halisi ni nyeusi, na ukiimulika kwa taa kali mwanga hupenya kwa rangi ya wekundu. Ya kijivu ni feki.

Haraka hii yote ni kwa sababu saa inakwenda. Soko la mtandaoni la eBay, kwa mfano, kwa kawaida linakupa siku 30 tangu mzigo ufike kufungua dai la kurudishiwa hela. PayPal, huduma ya malipo ya mtandaoni, inakupa siku 180 tangu ulipolipa, mradi hukutuma kwa njia ya ndugu na marafiki, kwa sababu hiyo haina ulinzi wa mnunuzi. Muuzaji anayekuomba utumie njia hiyo "kuepuka makato" ameshakwambia yeye ni nani. Mwenye kadi ya benki naye anaweza kuomba benki yake irudishe muamala, ila na wao wana tarehe zao.

Kwenye dai lenyewe, andika kikavu. Kitu hakilingani na maelezo, ni bandia, ushahidi huu hapa: picha ya lebo, picha ya bodi, picha ya skrini yenye ujumbe. Kulalamika kwamba umeibiwa na huyu mtu ni tapeli hakumsaidii anayesoma dai lako kuamua. Mazungumzo yabaki ndani ya jukwaa. Akikuvuta WhatsApp, mjibu kulekule mlikoanzia.

Atakuja na ofa. Mara nyingi atasema baki na gemu, nikurudishie nusu. Ukikubali, umenunua feki kwa hiari yako. Ofa ya hatari zaidi ni ile ya "funga dai kwanza, hela naituma leo." Dai likishafungwa PayPal halifunguliki tena, na yeye analijua hilo kuliko wewe. Acha liwe wazi mpaka hela iingie. Akitaka urudishe kaseti, tuma kwa njia yenye namba ya kufuatilia, na hiyo namba iwemo ndani ya dai.

Switch, mashine ya Nintendo inayotumia kadi ndogo badala ya kaseti, ina mambo yake. Kadi iliyotumika inaweza kuwa halisi kabisa, lakini mwenyewe wa kwanza alishanakili data yake. Kila kadi ina cheti chake cha kidijitali cha kipekee, na nakala mbili zikionekana mtandaoni, mashine yako inaweza kufungiwa huduma za mtandaoni. Hiyo huioni kwa macho. (Kadi za Switch zimepakwa kemikali chungu sana ili watoto wasizimeze, na wapo wanaozilamba kupima uhalisi. Mimi sishauri.)

Na kama kaseti feki imebaki mikononi mwako baada ya hela kurudi, usiiuze, hata kwa bei ya kutupa. Chukua kalamu ya wino usiofutika, andika FEKI nyuma yake kwa herufi kubwa, ndipo umpe mtoto achezee.