Maswali ya Wasomaji: Virusi Wanaoua Bakteria

SWALI: Asalaam aleikum Bi Mwalimu. Nasomesha baiolojia Kidato cha Pili huku Micheweni. Niliposema wako virusi wanaoua bakteria, darasa zima lilikataa: virusi si ni maradhi tu? Skuli yetu haina hadubini. Nioteshe bakteria wa maji ya mtaroni ili waone?

JIBU: Waalaikum salaam, mwanangu. Maji ya mtaroni yaache huko huko. Ukiotesha vijidudu darasani hujui unazidisha kipi, na kipindupindu sote tunakijua. Hadubini nayo isikutie simanzi, kwa sababu hao virusi, faji kwa jina lao, ni wadogo mno kwa hadubini za skuli. Huonekana kwa hadubini ya elektroni.

Kazi yao ndiyo inayoonekana kwa macho. Félix d'Hérelle, aliyeandika habari zao mwaka 1917 akiwa Taasisi ya Pasteur, Paris, aliona madoa matupu kwenye utando wa bakteria waliooteshwa. Kila doa, bakteria wake wameshapasuka. Doa hilo watoto wanaweza kulitengeneza wenyewe.

Chukua daftari la hesabu la miraba. Kila mraba ni bakteria mmoja. Wapake penseli nyepesi ukurasa mzima, kisha wafute mraba mmoja wa katikati: faji kaingia, kazaana ndani, bakteria kapasuka. Sasa kwa kila mraba unaopakana na uliofutwa, warushe sarafu ya shilingi mia mbili. Ikilala upande wa Mzee Karume, wafute. Ikilala upande wa simba, mraba ubaki. Warudie raundi baada ya raundi. Doa litatanuka kila upande, pembe zake zikichongoka hivi na vile, na watoto wataanza kushindana la nani kubwa. Waache washindane.

Kabla ya kuanza, waambie watie alama ya X kwenye miraba michache popote pale. Hiyo haifutwi kamwe. Usiwaambie sababu. Watakapoona imebaki peke yake katikati ya weupe, watauliza wenyewe, na hapo utawaeleza bakteria sugu, yaani wale ambao faji hawawezi.

Wakiogopa kuambukizwa, waeleze kuwa faji hujishika kwenye alama za bakteria wake tu, na seli ya mtu haina alama hizo. Faji wa kundi moja hata bakteria wa kundi jirani mara nyingi hamuwezi.

Na usikose kuwasimulia la biringani. Mwaka 2010 mwanafunzi mmoja huko Durban alipata faji chini ya biringani lililooza, na faji huyo akaitwa Muddy. Mwaka 2019 ikatangazwa kuwa madaktari wa London walimtumia, pamoja na faji wengine wawili, kwa msichana wa miaka 15 aliyepandikizwa mapafu na kushambuliwa na bakteria wasiosikia dawa. Alipata nafuu kubwa. Waulize wanafunzi kwa nini walichanganya faji watatu badala ya mmoja. Aliyeiangalia vizuri miraba yake ya X atakujibu.