Majina ya mabinti: Rumaysa si shada la maua

Barua za safari hii zimejaa majina ya mabinti, na nyingi zinaonekana zimeandikwa na mtu aliyeshika simu mkono mmoja na mtoto mkono wa pili. Kwa mara nyingine nakumbusha: jina la Kiarabu halina maana mpaka ijulikane limeandikwa kwa herufi gani za Kiarabu. ق na ك zote tunaziandika K. س na ص zote S. ح, خ na ه zote H, na ع tunaimeza kabisa. Ukiniletea herufi za Kizungu peke yake, unanitaka nibahatishe.

Mke wangu anatarajia kujifungua mwezi ujao. Tumelipenda jina Rumaysa. Mtandaoni wanasema maana yake ni shada la maua. Ni kweli? Na je, ni jina la watu wengi? (Tanga)

Si kweli. Rumaysa, رميصاء, linatokana na رمص, yaani tongo, ule uchafu mweupe unaojikusanya kwenye kona ya jicho mtu anapoamka. Umbo la jina ni la kudogosha, kwa hiyo ni kama kusema "kabinti kenye tongo". Hamna ua wala shada hapo. Tovuti za majina zina maana tano au sita za kugawa: ua, nyota, lulu, malkia, nuru, zawadi ya Mungu. Kila jina wasilolijua hulipachika mojawapo, tovuti nyingine hunakili, na baada ya muda kosa linaonekana kama elimu.

Usikimbie lakini. Aliyelibeba jina hili ni Ummu Sulaym binti Milhan, mwanamke wa Madina wa ukoo wa Banu Najjar, mama yake Anas bin Malik aliyemhudumia Mtume (s.a.w.). Abu Talha alipomposa akiwa bado hajasilimu, mama huyu alimjibu kwamba mahari yake ni kusilimu kwake, hataki kingine. Katika kitabu cha hadithi cha Bukhari imo kwamba Mtume alijiona yuko Peponi na akamwona humo Rumaysa, mke wa Abu Talha. Kwa Muslim, mkusanyaji mwingine wa hadithi, tukio hilo limekuja kwa jina la Ghumaysa, ambalo maana yake ni ileile ya jicho lenye tongo. Wanavyuoni wa wasifu wamemtajia pia Sahla, Rumayla, Rumaytha na Mulayka, kwa hiyo yaelekea Rumaysa lilikuwa lakabu iliyomganda.

Ghumaysa ni jina la nyota pia, ile ambayo Wazungu wanaiita Procyon. Waarabu wa kale walisimulia kwamba Shi'ra wawili, yaani nyota hii na Sirius, walikuwa dada zake Suheli, nyota ya upande wa kusini. Suheli alipokimbilia kusini, mmoja aliivuka Njia ya Maziwa kumfuata, huyo ndiye Sirius. Mwingine alibaki ng'ambo akilia mpaka macho yakajaa tongo.

Waarabu hawakuwa wakichagua majina kwa kutafuta sifa tamu. Khadija maana yake ni mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia. Fatma ni mwenye kuachisha mtoto ziwa. Ramla, ambalo ndilo jina la kuzaliwa la Ummu Habiba mke wa Mtume, ni mchanga. Hakuna mzazi wa Pwani anayelikataa jina Khadija kwa sababu ya njiti. Ukilitaka Rumaysa, lichukue kwa ajili ya mama yule wa Madina.

Kuhusu wingi wake: Uturuki ni jina la kawaida, wao huandika Rümeysa. Mwanamke anayeshikilia rekodi ya dunia ya kuwa mrefu zaidi kati ya wanawake walio hai, Rumeysa Gelgi, ni wa huko. Pakistani nako lipo sana. Kwetu ni nadra. Bibi zetu walichukua Rukia, Sumaiya na Maimuna, hili wakaliacha. Andika Rumaysa au Rumaisa, moja tu kati ya hayo. Siku ya kuchora kidani, mpe sonara herufi za Kiarabu zikiwa na ص. Siku hizi wengi huandika kwa س, lakini asili yake ni ص.

Nyota ya binti anayeitwa Rumaysa ni ipi? Naomba na jina la kumuoanisha na mama yake. (hakutaja mahali)

Safu hii haipigi falaki. Ila fahamu kwamba hata katika abjadi yao, ile hesabu ya kuipa kila herufi ya Kiarabu namba yake, س ni 60 na ص ni 90, kwa hiyo anayekuhesabia kwa herufi za Kizungu hata kazi yake mwenyewe haijui.

Naitwa Nadhira. Mmoja kaniambia maana yake ni mwonyaji, mwingine kaniambia ni mrembo. Nani mkweli? (Mombasa)

Huenda wote wawili. Kiswahili kina "dh" moja tu ya kubebea herufi tatu za Kiarabu, na jina lako linaweza kuwa lolote kati ya haya:

نذيرة, mwenye kuonya, la mzizi mmoja na nadhiri.
نظيرة, mwenye kulingana na mwenzake, mithili yake.
نضيرة, mwenye kunawiri, aliyejaa uzima usoni.

Ukitaka kuona tofauti kwa macho yako, fungua Suratul Qiyama aya ya 22 na ya 23. Ya kwanza inasema nyuso siku hiyo zitang'ara, na neno ni ناضرة kwa ض. Ya pili inasema zitakuwa zikimtazama Mola wao, na neno ni ناظرة kwa ظ. Ukizisoma kwa matamshi yetu ya mtaani, aya mbili zinakuwa na neno moja.

Dawa ni kumuuliza aliyekupa jina, au kuangalia lilivyoandikwa mahali popote kwa Kiarabu: daftari la chuoni, cheti cha madrasa, ukurasa wa mwanzo wa msahafu wa nyumbani kama wazee waliandika vizazi humo. Ukikosa kote huko, chagua mwenyewe. Mimi ningekuchagulia ya tatu. Nadira, kwa "d", ni jina jingine kabisa, نادرة, la nadra.

Naomba maana ya Alia, Halia, Naila, Amaya, Zoya, Talia, Kaila, Aliza na Jaida. Haraka tafadhali, akika ni Jumamosi. (Dar es Salaam)

Majina tisa, hakuna hata herufi moja ya Kiarabu, na mbuzi keshanunuliwa.

Amaya na Zoya si ya Kiarabu. La kwanza linatoka kwa Wabaski wa Hispania, la pili ni la Kigiriki lililopitia Urusi. Alia kwa ع, عالية, ni mwenye daraja ya juu. Halia ni hatari: kwa ح ni aliyejipamba, kwa خ ni tupu, kitu kisicho na kitu ndani. Naila, نائلة, ni mwenye kupata anachokitaka, na aliyelipa heshima ni Naila binti Furafisa, mke wa Khalifa Uthman, aliyekatwa vidole akimkinga mumewe siku alipouawa mwaka 656. Chukua hilo. Yaliyobaki yamependwa kwa mlio wake tu, na siwezi kuupa mlio maana.

Halafu, haraka ya nini? Siku ya saba ni sunna ya akika, mbuzi mmoja kwa binti, lakini jina linaweza kutolewa hata siku ya kuzaliwa. Mngeanza kulitafuta jina wakati mimba ina miezi mitano.

Nimesikia kwenye mawaidha kwamba Mtume alilibadilisha jina Asia. Binti yangu ana miaka 12, nimbadilishie? (Kigoma)

Usimguse mtoto. Lililobadilishwa ni عاصية, mwenye kuasi, kwa ع na ص. Mwenye jina hilo alikuwa binti yake Umar, akaitwa Jamila, na hadithi imo kwa Muslim. La mwanao ni آسية, la mke wa Firauni, mwanamke anayetajwa katika hadithi pamoja na Maryamu kuwa miongoni mwa waliokamilika. Muhadhiri anayesema "Asia ni jina baya" bila kuandika ubaoni anawatia wazazi hofu bure, na wiki inayofuata wanapanga foleni kwa wakili. Kwa mtoto mchanga ningeshauri Asiya au Asya, ili asichanganywe na bara.

Tumeambiwa jina zuri ni lililomo kwenye Qur'ani. Tumechagua Lina. Ni sawa? (Nairobi)

Lina limo kweli, Suratul Hashr aya ya 5, na maana yake ni mtende. Ni jina jepesi, liko sawa.

Kipimo chenyewe ndicho kibovu. Mwanamke pekee aliyetajwa kwa jina lake katika Qur'ani nzima ni Maryamu. Si Khadija, si Aisha, si Fatma. Na kinyume chake, زنيم imo pia, Suratul Qalam aya ya 13, na ni tusi. Kuwamo hakutoshi, kutokuwamo hakudhuru.

Niongeze ambalo hukuuliza. Mtume alikuta wanawake wanaoitwa Barra, yaani mwema mcha Mungu, akawabadilishia, kwa sababu lilikuwa jina la kujitakasa. Mmoja akawa Zaynab, mwingine Juwayriya, na wote ni wakeze. Wazazi wanaomtwika mtoto sifa nzito ya utakatifu wakidhani wamemtendea wema, watazame hapo kwanza.

Arwa? (Zanzibar)

Mbuzi-mwitu wa milimani. Shangazi yake Mtume aliitwa hivyo, na Malkia Arwa wa Yemen, aliyefariki mwaka 1138, alitawala kutoka mji wa Jibla na kuombewa kwa jina lake kwenye hotuba ya Ijumaa. Safari ijayo andika sentensi nzima.

Nasrin ni jina la Kiislamu? (Bujumbura)

Ni la Kiajemi, ua la jamii ya waridi. Mwislamu akiitwa hivyo hana kosa lolote, kama Mwanakombo asivyo na kosa.

Mtoto wetu kliniki ameandikwa Rukaiya, cheti cha kuzaliwa Ruqayyah, shule Rukia. Kuna tatizo? (Morogoro)

Lipo, na litakua naye. Kwa Kiarabu ni jina moja, رقية. Kwa mfumo wa kompyuta ni watu watatu. Kosa huanzia hospitali kwenye tangazo la kizazi: mama amechoka, nesi anaandika alivyosikia, baba yuko kwenye simu anatafuta tahajia ya kupendeza. Andikeni jina kwa herufi kubwa kwenye karatasi kabla ya kwenda kujifungua, mkabidhi karatasi hiyo, na msome herufi moja moja kabla ya kusaini.

Msiweke ritifaa katikati kama A'isha. Mifumo mingine huikataa, mingine huacha nafasi na jina linakatika vipande viwili. Hiyo H ya mwishoni mwa Ruqayyah haiongezi dini wala maana, inaongeza nafasi ya kukosea.

Kwa mtoto wenu, kifuateni cheti cha kuzaliwa. Shule ibadilishwe sasa, kabla hajasajiliwa kwa mtihani wa taifa. Baada ya hapo ni viapo kwa wakili, na kila ofisi itataka kiapo chake. Hata mkilipenda Rukia zaidi, mwiteni Rukia nyumbani na karatasi zibaki Ruqayyah.