Simu inatosha, ila anza na mnyama unayemwona kila siku

Mdogo wangu uliyeuliza, nimekuelewa hivi: uko sekondari, umeona tangazo la shindano la wanafunzi linalotaka picha moja ya mnyamapori na insha isiyozidi maneno 600, zimebaki wiki sita, na mkononi una simu tu. Unataka kujua kama ujisumbue au uwaachie wenye lenzi ndefu kama bomba. Mkuu mmoja aliyekujibu kabla yangu kakushauri usubiri mwakani ukishapata kamera. Namheshimu, ila simuungi mkono. Mimi nilishiriki mara mbili nikiwa na umri wako, na ukubwani nimeitwa mara nne kusoma kazi za wanafunzi. Mara ya kwanza nilikuwa na kamera ya maana na nikaangukia pua. Mara ya pili nilikuwa na simu iliyopasuka kioo.

Ngoja nianze na aibu yangu. Mwaka wa kwanza nilimbembeleza mjomba mpaka akaniazima kamera yake, nikaenda nayo bustani ya wanyama. Nilisimama mbele ya banda la simba karibu saa nzima. Nikapata uso wa dume umejaa picha nzima, sharubu unazihesabu moja moja. Vyuma vya banda havikuonekana kabisa, kwa sababu nilipenyeza mdomo wa lenzi katikati yake. Masharti yalisema mnyama aliyefungiwa lazima atajwe hivyo. Mimi masharti niliyasoma nusunusu, na ile nusu niliyoisoma nikajifanya sikuiona. Insha niliiandika jioni moja, imejaa "hazina" na "vizazi vijavyo", nikatuma, nikaanza kupanga zawadi nitaitumiaje.

Sikupita hata mchujo wa kwanza. Kazi ilirudi na sentensi moja tu ya kalamu: "Tazama jicho la kushoto." Nikaikuza picha kwenye kompyuta mpaka jicho likajaa kioo. Ndani ya mboni kulikuwa na mistari imesimama wima kama meno ya kitana. Vile vyuma nilivyovikwepa. Na katikati ya vyuma kuna kivuli cha mtu kainua viwiko, kamera usoni. Nilikuwa mimi.

Usidhani ni mambo ya watoto. Shindano kubwa la picha za wanyamapori linaloandaliwa na Makumbusho ya Historia Asilia ya London, ambalo lipo tangu 1965, limewahi kumvua ushindi mshindi wake mkuu. Picha ya mbwa mwitu akiruka lango ilishinda 2009, na Januari 2010 ikaondolewa baada ya majaji kuona kuwa yaelekea mnyama yule alikuwa wa kufugwa na kufundishwa. Mwaka 2018 wakaondoa nyingine iliyokuwa imepewa tuzo 2017, ya mnyama wa Amerika Kusini anayekula mchwa, wataalamu walipolinganisha manyoya na madoa yake na ya mnyama aliyekaushwa kwa maonyesho wakakuta yanafanana mno. Wapiga picha wote wawili walikana. Lakini picha zilitoka. Sasa kama hao wanakaguliwa unyoya kwa unyoya, wewe ndiye utapita na simba wa bandani?

Mwaka uliofuata mjomba hakuniazima tena. Nikabaki na simu, na simu haina ubavu wa mnyama wa mbali. Ukivuta kwa vidole ile zumu, mara nyingi haikusogezi popote. Inakata picha na kuitanua, na pikseli, zile nukta zinazounda picha, zinaanza kuonekana kama vigae. Kwa hiyo nilitakiwa nimpate mnyama ambaye ningeweza kumkaribia mpaka shubiri mbili bila yeye kukimbia na bila mimi kumsumbua. Nikamkuta darasani kwetu. Kwenye fremu ya dirisha la nyuma kulikuwa na nyigu, wale wembamba wa kiuno kama uzi, anajenga kiota cha udongo.

Kila mtu darasani alimjua, na kazi yetu ilikuwa kumfukuza kwa daftari. Mimi nikaanza kumwandika. Nilikaa naye siku kumi na moja, muda wa mapumziko na baada ya masomo. Daftari ninalo hadi leo. Ukurasa wa siku ya tatu unasomeka hivi: "Saa 4:04 kaja, donge la udongo. 4:09 kaja, donge. 4:15 kaja, donge, kalia zzz akilibandika." Hiyo zzz ilinishangaza sana. Alikuwa halii akiruka. Alikuwa analia akiwa ametua, kichwa kimeinama, anatetemesha donge mpaka linakaa sawa kama fundi anayesawazisha zege.

Faida ya daftari ikajitokeza hapo. Nilipojua anarudi kila baada ya dakika tano au sita, na kwamba anatua upande uleule, sikuhitaji tena kumkimbiza. Nilikuwa naishikilia simu tayari, kidole nimekigandamiza kwenye kioo cha simu, pale unapoonekana mdomo wa kiota, mpaka fokasi ijifunge, halafu nasubiri. Akitua tu, nashikilia kitufe, simu inamwaga picha mfululizo. Nyingi zilicheza, yaani zilitoka na ukungu. Mwanga wa dirishani ulikuwa unatoka pembeni asubuhi na ndio ulioniokoa. Flashi sikuiwasha hata mara moja.

Siku ya saba akaanza kuleta buibui badala ya udongo. Siku ya nane, mfagizi akapita na ufagio mrefu, kiota chini.

Niliokota vipande. Chumba kimoja kilikuwa kimepasuka, na ndani kulikuwa na buibui wadogo wamepangwa kama dagaa. Nikadhani wamekufa, mpaka mmoja alipotikisa mguu. Mwalimu wa biolojia ndiye aliyenifafanulia: nyigu jike huwachoma buibui mwiba wakapooza bila kufa, ili wasioze, kisha hutaga yai kwenye chumba, hukiziba kwa udongo na kwenda zake. Kiluwiluwi kikianguliwa kinakuta chakula kibichi. Yeye mwenyewe, mama, hutegemea zaidi utamu wa maua.

Nikiwa bado nimechuchumaa na vile vipande, akarudi. Akatua pale pale. Kwenye fremu ilikuwa imebaki alama tu ya udongo, duara la rangi ya kijivu, na yeye kasimama katikati anaigusa kwa vipapasio vyake. Nikapiga picha nne. Bora kati ya hizo nne haikuwa kali kama zile za siku zilizopita. Bawa moja limecheza kidogo. Nilikuwa na picha zaidi ya mia mbili nzuri kuliko hiyo. Nikatuma hiyo.

Ukiniuliza jambo moja tu kuhusu mashindano ya aina hii, nitakujibu hilo. Picha na insha havishindani kila kimoja kivyake, vinasomwa pamoja. Mtazamaji akiona nyigu juu ya doa la kijivu, hajui doa ni nini. Anashika insha kutafuta jibu. Ile picha kali ya nyigu na donge lake ingejieleza yenyewe, na insha yangu ingebaki kurudia kile ambacho jicho limeshakiona. Nimesoma kazi nyingi za hivyo: picha ya ndege anakula tunda, insha inaanza "Katika picha hii ndege anakula tunda." Tumeona, mdogo wangu. Tuambie alikula mangapi, alimpisha nani, na kwa nini ule mti wa pili hakuugusa.

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na sentensi niliyoipenda kupita kiasi: "Mama yule alilia kimoyomoyo akiikumbuka nyumba yake." Mwalimu aliipigia mstari mwekundu, pembeni akaandika "Umejuaje?" Nikakasirika siku mbili. Kisha nikaifuta na kuandika nilichokiona: alizunguka alama mara tatu, akaondoka, akarudi baada ya dakika nne akiwa na buibui, akakosa pa kumweka. Hiyo ndiyo sentensi waliyoitaja majaji. Nilishika nafasi ya tatu, cheti na darubini ndogo ya mkononi, na sijawahi kuona watu wakifurahia nafasi ya tatu kama sisi darasa lile. Kuanzia hapo hakuna aliyemfukuza nyigu kwa daftari, japo nadhani nusu yao walikuwa wanaogopa tu nitawaandika.

Sasa nikuambie kinachoonekana ukiwa upande wa pili wa meza. Insha kumi za kwanza, saba zinaanza na "Wanyamapori ni rasilimali muhimu sana" au "Tangu enzi na enzi". Msomaji hachukii maneno hayo, ila macho yanateleza. Ya nane ikianza "Alirudi saa nne na dakika ishirini na moja, mdomoni hana kitu", unakaa vizuri kwenye kiti. Na siku hizi kuna insha zilizoandikwa na akili mnemba (AI). Mara nyingi zinajulikana, kwa sababu hazina siku wala saa, hazina kosa, na mwandishi wake hajawahi kuloa wala kung'atwa na mbu. Masharti mengi sasa yanakataza picha za kutengenezwa na programu hizo, nawe ukiitwa kuulizwa maswali mawili tu kuhusu mnyama wako utatoa macho. Mtu aliyekaa na mnyama siku kumi huulizi mara mbili, yeye ndiye hanyamazi.

Mnyama gani? Hilo ndilo ulilolikazania kwenye swali lako na mimi naona ndilo jepesi. Soma kwanza masharti wanamaanisha nini kwa "mnyamapori". Kwa kawaida wadudu, buibui, mijusi, vyura na ndege wa mitaani wanaingia. Paka wa nyumbani na mbuzi hawaingii. Halafu chagua yule ambaye huhitaji safari kumwona. Mjusi wa ukutani anayewinda chini ya taa. Shomoro wanaogombania tundu. Wiki sita za kumtazama shomoro zitakupa kitu ambacho siku moja ya tembo haitakupa, na tembo wa siku moja tayari wamejaa kwenye rundo la majaji.

Ndege ukimtaka akiruka, simu itakutesa. Kuganda kwa mabawa kunataka picha ichukuliwe kwa kasi ya sekunde 1/1000 hivi au zaidi, na hapo mwanga lazima uwe mwingi. Mpige akiwa ametua, anajikuna, anabishana. Ulalie tumbo ukibidi, lenzi iwe usawa wa jicho lake, na jicho hilo ndilo liwe kali kuliko kitu kingine chochote. Na futa lenzi ya simu kwa kitambaa laini. Nimeona picha zimepoteza alama kwa mafuta ya kidole, nasema kweli.

Kuna vitu usivifanye hata kama hakuna anayekuona. Usikate matawi yanayofunika kiota ili upate mwanga, kwa sababu ukiondoka wewe anabaki mwewe, naye sasa anaona vizuri kama ulivyoona wewe. Usimtie mdudu kwenye jokofu ili atulie. Wapo wanaofanya hivyo, na mdudu aliyeganda ana mkao ambao mtu aliyekaa naye hawezi kuukosea. Usiwekee chambo ili mnyama aje. Na ukibahatika kumpata mnyama adimu, usitangaze mahali alipo unapobandika picha mtandaoni, maana faili la picha linaweza kuwa limebeba mahali na saa ndani yake, na wawindaji haramu nao wana simu.

Kuhariri: kuongeza mwanga kidogo, kukata pembeni kidogo, kwa kawaida ruksa. Kufuta tawi au kuhamisha ndege kutoka picha moja kwenda nyingine, umetoka. Tunza picha ya asili, ile ambayo hujaigusa, kwa sababu ukifika mwishoni wataiomba.

La mwisho ni dogo ila limewaangusha watu wengi nikiwatazama. Usihamishe picha yako kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, eti umtumie kaka mwenye kompyuta aipakie. Inabanwa humo njiani. Tuliwahi kupokea kinyonga mmoja mzuri ajabu, jicho limegeuka nyuma, mkia umejikunja, nasi tukashindwa kumkuza hata mara mbili kwa sababu alikuwa amebaki mabakamabaka. Tukamwandikia mhusika atume faili la asili, akajibu ameshalifuta ili apate nafasi kwenye simu. Hamisha kwa waya, au itume kama dokumenti, na usifute kitu mpaka matokeo yatoke.