Maziwa hayaitoi risasi ya betri mwilini

SWALI: Assalaam alaykum daktari. Mume wangu ni mvuvi wa jarife hapa Lamu. Yeye na nduguze hununua betri kuukuu za magari na za sola, wakazivunja, wakayeyusha risasi, ile metali nzito iliyo ndani ya betri, uani kwa jiko la makaa na kusubu chubwi za nyavu na mishipi. Nyingine huwauzia wavuvi wenzao. Nina mtoto wa kiume wa miaka 3 anayecheza hapo hapo, na mimi ni mjamzito wa miezi 4. Mama mkwe hunambia kila wakimaliza kazi nimpe mtoto kikombe cha maziwa, na mimi ninywe, sumu itashuka. Juzi alipita mtu mwenye mashine ya kushika kijiti mkononi, akasema damu zetu zina metali, akatuuzia unga mweusi wa kusafisha damu. Mtoto haumwi, ila hamu ya kula imempungua na choo chake kigumu. Je, maziwa na unga huo vinatosha, au kuna dawa bora zaidi?

JIBU: Wa alaykum salaam, mwanangu. Havitoshi. Na hakuna dawa yoyote itakayowafaa maadamu jiko la risasi lingali uani.

Imani hii ya maziwa naikuta pwani nzima: kwa mafundi wa betri, kwa wapaka rangi wa mashua, kwa vijana wanaochomelea mageti. Hakuna inayonikera kama hiyo. Maziwa yenyewe sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba humtuliza mtu aendelee na kazi ileile, mahali palepale, mtoto akiwa kando yake. Kikombe kikishanyweka, kila mmoja huona lililopasa limefanyika.

Tazama linalotokea mwilini. Matumbo huichukulia risasi kana kwamba ni kalsiamu, yale madini yanayojenga mifupa na meno, kwa hiyo mtoto mwenye upungufu wa kalsiamu, au wa madini ya chuma, hufyonza risasi nyingi zaidi ya aliyeshiba vizuri. Hapo ndipo maziwa yana faida: mtoto anayeyapata kila siku kama chakula hufyonza kidogo kuliko ambavyo angefyonza. Faida yake inakoma hapo. Risasi iliyokwisha kuingia kwenye damu maziwa hayaifuati. Na mvuke na vumbi laini wanalovuta akina baba wakiwa wameliinamia jiko hupitia mapafuni, halikutani na maziwa popote. Viwanda vya risasi vya Ulaya vya zamani vilikuwa vikiwagawia wafanyakazi maziwa, na wafanyakazi waliendelea kuumwa matumbo na kulegea viganja mpaka vilipowekwa mitambo ya kufyonza moshi, mabafu ya kuogea kabla ya kwenda nyumbani, na vipimo vya damu.

Ikishaingia, risasi huzunguka katika damu na kuingia kwenye ini, figo na ubongo, kisha sehemu kubwa hujificha mifupani. Ile ya kwenye damu hupungua kwa nusu katika muda wa kama mwezi mmoja, ikiwa hakuna nyingine inayoingia. Ya mifupani hukaa miongo ya miaka. Mama anapobeba mimba, mifupa yake huachia kalsiamu kwa ajili ya mtoto, na risasi hutoka pamoja nayo, ikapita kwenye kondo hadi kwa mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo usijihesabu kuwa mlezi tu wa huyo wa miaka 3. Wewe mwenyewe unatakiwa upimwe.

Unasema mtoto haumwi. Mtu mzima akimeza risasi hufyonza kama sehemu moja ya kumi. Mtoto mdogo anaweza kufyonza karibu nusu. Tena mtoto anatambaa, anashika sakafu, anatia vidole mdomoni. Madhara makubwa kwake huwa kwenye ubongo unaokua: kujifunza kwa shida, kutotulia, kupungukiwa akili, na hayo huonekana amekwisha kuingia shule, wakati ambapo hakuna wa kukumbuka jiko la uani. Choo kigumu, kukosa hamu ya kula, tumbo kusokota na upungufu wa damu vinaweza kuwa dalili za risasi, vinaweza pia kuwa minyoo au jambo jingine kabisa. Kwa kumtazama, hata mimi siwezi kujua. Kiwango kikipanda sana huja degedege na kupoteza fahamu, na hapo watu hukimbilia kusema ni malaria ya kichwa au ni mashetani.

Mfano tunao hapa hapa pwani. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Phyllis Omido, aliyekuwa akifanya kazi hapo, aliuguliwa na mtoto wake mchanga, mtoto akatibiwa maradhi mengine kabla ya damu kupimwa na risasi kuonekana. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Thiaroye-sur-Mer, nje kidogo ya Dakar nchini Senegal, hakukuwa hata na kiwanda: ni watu waliochekecha mchanga wenye mabaki ya betri ili wauze risasi, na watoto 18 wakafa kati ya 2007 na 2008. Kazi yao ilikuwa kama hii ya uani kwenu.

Sasa huyo mwenye kijiti. Hakuna mashine ya kushika mkononi inayoweza kusoma risasi iliyo kwenye damu. Risasi hupimwa kwa damu yenyewe, maabara, na jibu hutolewa kwa mikrogramu katika desilita moja, yaani sehemu ya kumi ya lita. Kile kijiti hutoa karatasi ndefu yenye rangi nzuri, na cha ajabu ugonjwa unaoonekana huwa sikuzote ule ambao dawa yake imo mkobani mwa mpimaji. Unga mweusi aliokuuzia, ukiwa ni mkaa, hausaidii kitu dhidi ya risasi. Hata mkaa maalumu wa hospitali, unaofaa kwa baadhi ya dawa mtu alizomeza kupita kiasi, haushiki metali vizuri. Ukiwa si mkaa, basi hujui ni nini, na hilo linanitia hofu zaidi, maana imeshaonekana mara nyingi katika nchi mbalimbali kwamba unga wa kienyeji unaouzwa kama tiba ulikuwa wenyewe na risasi ndani yake. Usimpe mtoto hata kijiko kimoja.

Dawa za kweli za kuvuta risasi mwilini zipo. Hutolewa hospitalini, kwa kipimo, kwa sababu huweza kudhuru zikitumiwa ovyo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linasema mtu yeyote akikutwa na mikrogramu 5 kwa desilita au zaidi, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Na mtoto akifikia 45, apewe dawa hizo. Kiwango kilicho salama hakijulikani kuwepo. Na mtoto akitibiwa kisha akarudishwa kwenye ua uleule, risasi itaingia upya.

Kwa hiyo, kabla ya jambo lolote, kazi hiyo itoke nyumbani. Isingoje mwisho wa mwezi, wala isihamie uchochoroni kwa jirani. Kuvunja betri kukome kabisa. Watu hudhani hatari ni moshi peke yake, kwa kuwa ndio wanaouona. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327, joto ambalo jiko la makaa hulifikia bila taabu, na moto ukizidishwa mvuke nao huzidi. Lakini ule ugaga wa kijivu unaopukutika kwenye mabamba ya betri ni risasi iliyokwisha kuwa unga, tayari kushika nguoni, kwenye nyayo na kwenye mkeka. Na maji ya betri yanayomwagwa mchangani hubeba risasi pia. Betri iliyokufa iuzwe nzima kwa mnunuzi mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira ya Kenya.

Ua usifagiwe. Fagio hurusha unga huo hewani na kuuingiza chumbani. Mwagia maji kidogo, kusanya kwa kitambaa kilicholowa, piga deki kwa maji ya sabuni, rudia, na matambara hayo usiyafulie pamoja na nguo za mtoto. Tabaka la juu la mchanga penye jiko likokotwe likiwa limelowa, litiwe kwenye mifuko imara na kufungwa, lisitupwe pwani wala karibu na kisima; muulizeni afisa wa afya wa kaunti pa kulipeleka. Wewe ukiwa mjamzito, kazi hiyo waachie waliolileta jiko. Kikoi na fulana za kazi zivuliwe kabla ya kuingia ndani, na baba asimpakate mtoto kabla hajakoga.

Sufuria iliyoyeyushia risasi haitarudi jikoni, hata isuguliwe kwa mchanga na jivu. Ukiipikia kitu kichachu, mchuzi wa ukwaju au wa ndimu, ukali wake utaivuta risasi iliyobaki. Angalieni na jabia, lile birika la maji. Nyumba nyingi za Lamu huvuna maji ya mvua kutoka darini, na vumbi lililotua darini huteremka na mvua ya kwanza. Kuchemsha hakusaidii kwa hili. Moto huua vijidudu. Metali haifi, na maji yakipungua sufuriani risasi iliyomo huzidi kukolea. Mpaka maji ya jabia yapimwe, kunyweni na pikieni ya mahali pengine.

Kisha nendeni hospitali, wewe, mtoto na mume wako. Mwambieni daktari waziwazi kwamba nyumbani kunayeyushwa betri, maana asipoambiwa hatafikiria kipimo hiki. Si kipimo cha kila maabara. Damu hutolewa mshipani na huenda ikapelekwa mbali. Ikiwa ni ya kuchoma kidole, mikono ioshwe vizuri kwanza, la sivyo mtapima vumbi la kidole. Mkipata jibu lililo juu, kipimo kirudiwe baada ya muda atakaopanga daktari. Kikiwa hakishuki, kuna risasi nyingine nyumbani ambayo hamjaiona.

Mama mkwe usishindane naye. Mwambie maziwa mtoto atakunywa kila siku, kama chakula, pamoja na dagaa waliwao na mifupa yao, mchicha na kunde, na kipande cha embe au kamuo la ndimu ili madini ya chuma yafyonzwe vizuri. Chai ya rangi isiandamane na chakula. Asiyape tu maziwa kazi ya udaktari.

Mume wako najua ana familia ya kulisha, na chubwi lazima ziwe na uzito. Mawe yaliyotobolewa, saruji iliyomiminwa kwenye kalibu, nati nzito za chuma na plagi kuukuu za injini zote huzamisha nyavu. Chubwi za risasi alizonazo asizibane kwa meno, jambo ambalo wavuvi wengi hulifanya bila kufikiri, wala zisiwekwe penye kapu la chakula.

Niseme na wasomaji wengine, kwa sababu barua kama hii hazitoki kwa wenye betri peke yao. Watu wanatafuta kitu kimoja cha kunywa kitakachoondoa kila sumu, na wauzaji wamelijua hilo. Ndimu kwa zebaki iliyo kwenye nyama ya papa. Siki kwa dawa ya wadudu. Mkaa kwa mahindi yaliyoota ukungu. Mwaka 2004 watu 317 waliugua kwa aflatoksini, sumu ya ukungu huo, katika nchi yetu, wengi wao Makueni na Kitui, na 125 wakafa. Mahindi yale yalikuwa yamepikwa kama mahindi yoyote, kwa kuwa sumu hiyo haiishi kwa joto la sufuria ya ugali. Zebaki ya papa imeshikamana na nyama yenyewe, haisafishiki kwa ndimu wala chumvi, na papa akikaushwa kuwa ng'onda, zebaki huwa imekolea zaidi kwa kila kipande. Kila kemikali ina njia yake ya kuingia, na karibu zote hizi huzuiliwa kabla ya kufika kinywani: kwa kukausha mahindi vizuri, kwa kupunguza papa na jodari wakubwa wakati wa mimba na kula tafi na dagaa, kwa kununua manjano nzima na kusaga wenyewe. Nchini Bangladesh waligundua wafanyabiashara wakitia rangi yenye risasi kwenye manjano ili yang'ae. Serikali ikawabana kuanzia 2019, na risasi ikapungua katika damu za wasaga manjano.

Na kuna wanja. Akina mama wengi wa pwani humpaka mtoto mchanga wanja machoni na kwenye paji la uso, na najua ni mapenzi na kinga ya jicho baya. Baadhi ya wanja wa unga unaoletwa kutoka nje hutengenezwa kwa jiwe la galena, ambalo ni risasi na salfa, na baadhi zimekutwa zaidi ya nusu yake ikiwa ni risasi. Mtoto hujifikicha macho, kisha hulamba vidole. Mwanangu, kama huyo wa miaka 3 amepakwa, au umeshanunua wa kumpaka huyu ajaye, uache leo. Kichupa usimpe jirani wala usikitupe: kifungeni, mkipeleke hospitali siku ya kipimo pamoja na ule unga mweusi, daktari aone na hivyo vilivyokuwa vikitumika nyumbani.