Kichwa kinauma kila siku tangu upasuaji: je, ni ile sindano ya mgongo?

SWALI: Daktari, pole na kazi. Nina miaka 27. Miezi minane iliyopita nilijifungua kwa upasuaji, nikachomwa sindano ya ganzi mgongoni. Siku ya pili nilipoinuka kwenda chooni kichwa kiliuma hadi nikaona giza, nikilala kinatulia. Wauguzi walininyima mto na kuniambia ninywe maji mengi na soda ya kola. Baada ya wiki mbili hivi nikapata nafuu. Lakini mtoto alipofikisha miezi miwili kichwa kilianza tena, na sasa kinauma karibu kila siku, kinabana pande zote mpaka shingoni. Nakunywa parasetamoli kila siku, mara nyingine ile yenye kafeini, zikishindwa namalizia na diklofenaki. Presha nimepima ni 118/76. Mama mkwe anasema maji ya mgongo yalimwagika na hayarudi tena. Ni kweli? Na nikipata mimba nyingine, nikatae hiyo sindano?
Mama J., Morogoro

JIBU: Pole sana, dada. Nianze na la mama mkwe, maana nusu yake ni kweli. Ubongo na uti wa mgongo vinaelea ndani ya maji, kwa mtu mzima kama mililita 150 hivi, na maji hayo yamefungiwa ndani ya utando. Sindano ya ganzi lazima iutoboe utando huo ili dawa ifike inakotakiwa. Kwa wengi tundu hujifunga lenyewe bila mtu kujua. Kwa wachache maji huendelea kuvuja, ubongo unapungukiwa cha kuuelea, na mtu akisimama unavuta kuelekea chini utando na mishipa inayoushikilia. Ubongo wenyewe hauhisi maumivu. Vinavyouma ni hivyo vinavyovutwa. Ndiyo maana ulikuwa ukilala unapona, ukiinuka unaanza upya.

Asichokipata sawa mama ni hilo la "hayarudi". Mwili hutengeneza karibu nusu lita ya maji hayo kila siku, kwa hiyo yaliyomwagika siku ya upasuaji yalirudi kabla hujatoka wodini. Tatizo lilikuwa tundu. Na tundu la namna hiyo mara nyingi huziba ndani ya wiki mbili, kama wewe mwenyewe ulivyoona.

Maumivu haya yana umri sawa na ganzi yenyewe. Mwaka 1898, katika mji wa Kiel, Ujerumani, daktari August Bier aliyeanzisha ganzi ya mgongo alimwomba msaidizi wake amchome yeye. Bomba halikukaa vizuri kwenye sindano, maji mengi yakamwagika, jaribio likaishia hapo. Bier akaugua kichwa kwa siku tisa, na akaandika kwamba akilala kinaisha, akiinuka kinarudi. Yaani historia yako ya wodini, kasoro mtoto.

Kuhusu mto na maji mengi: amri hiyo bado inatolewa wodi nyingi, nami ningefurahi ikiachwa. Tafiti zilizolinganisha waliolazwa chali kwa saa nyingi na walioamka mapema hazikuona kwamba kulala kunazuia kichwa kuuma, wala kwamba kumwongezea mtu maji kunakizuia. Kichwa kikishauma, kulala kunaleta ahueni, hilo sawa. Lakini kumlaza mzazi siku nzima bila sababu kunamweka karibu na hatari ya damu kuganda miguuni. Kola inaweza kukutuliza kwa saa chache kwa sababu ya kafeini. Tundu haizibi.

Sasa tuje kwenye kichwa cha leo, kwa sababu barua yako inaeleza maumivu mawili, nawe umeyahesabu kama moja. La kwanza lilifuata kusimama na kulala, likaisha. La pili lilianza baadaye, linabana pande zote na limeshika shingo. Jichunguze hivi kwa siku chache: ukiamka, kabla hujanyanyua kichwa kitandani, angalia kinaumaje. Kisha simama, fanya kazi zako, angalia tena baada ya robo saa. Halafu lala chali, uone kinafanyaje. Kama bado kinaanza ukisimama na kufifia ukilala, tundu linaweza kuwa bado linavuja hata baada ya miezi yote hii, na hapo usikubali kurudishwa nyumbani na vidonge tu. Utahitaji MRI ya kichwa (picha inayoonyesha ubongo na utando wake), na pengine kiraka cha damu: tunachukua damu yako mwenyewe mkononi, kwa kawaida mililita 15 hadi 20, na kuiingiza mgongoni nje kidogo ya ule utando ili izibe tundu. Alianza njia hii daktari Gormley wa Marekani mwaka 1960. Haihitaji mtambo wa bei kubwa. Inahitaji daktari wa usingizi mwenye uzoefu, msaidizi mmoja na usafi wa hali ya juu. Ulizia katika hospitali ya rufaa.

Kwa jinsi ulivyoeleza, sidhani kama uko huko. Nashuku zaidi dawa unazokunywa.

Najua inakera kusikia hivyo wakati dawa ndiyo kitu pekee kinachokufikisha jioni. Lakini mtu mwenye kichwa cha mara kwa mara akitumia parasetamoli au diklofenaki siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, dawa zenyewe zinaweza kuanza kukizalisha kichwa. Kwa vidonge vyenye mchanganyiko, kama hivyo vya kafeini, na kwa dawa kali za maumivu kama tramado au kodeini, mpaka ni siku 10 tu. Dawa ikiisha mwilini, kichwa kinadai nyingine. Duka la dawa haliwezi kukuambia hili kwa sababu wao wanaona vidonge vya siku moja tu, hawaoni mwezi mzima.

Hiyo haimaanishi kwamba unajitakia. Wanawake waliotobolewa utando kwa bahati mbaya na sindano nene ya epidurali (ganzi nyingine ya mgongo, ambayo dawa yake huwekwa nje ya utando) wamefuatiliwa, na mwaka mmoja na zaidi baadaye walikuwa na vichwa sugu kuliko wenzao. Kwa hiyo akitokea mtu wa kukuambia "ni mawazo tu", mpuuze. Juu ya hayo kuna usingizi wa kukatika-katika, shingo inayoinama kila unaponyonyesha, na pengine damu iliyopungua. Pima hemoglobini, kipimo hicho kipo hata kituo cha afya.

Cha kufanya: chukua daftari, andika kila siku kama kichwa kimeuma na umemeza nini. Kisha, ukiwa umeonana na daktari, acha. Parasetamoli na diklofenaki huachwa mara moja. Kama kuna tramado humo, usiikate ghafla, inapunguzwa taratibu. Nakuonya mapema: siku za mwanzo, hata wiki nzima au zaidi kidogo, kichwa kitauma kuliko sasa, na hapo ndipo wengi hurudi dukani. Panga kipindi hicho uwe na mtu wa kukusaidia mtoto. Mama mkwe anafaa sana kwa kazi hii. Baadaye, kwa wengi, siku zisizo na maumivu huanza kuonekana, na matokeo hupimwa baada ya miezi miwili, si wiki mbili.

Daktari anaweza kukuanzishia amitriptilini, miligramu 10 usiku, akiipandisha polepole. Kwa kiwango hicho si kwa ajili ya sonona, hata kama karatasi ya ndani inasema hivyo. Inashusha makali ya mfumo wa maumivu, na huchukua wiki kadhaa kufanya kazi. Inayopita kwenye maziwa ni kidogo sana. Lakini inaleta usingizi mzito, kwa hiyo ukiitumia mtoto asilale kitanda kimoja nawe.

Kuna dalili ambazo hazisubiri daftari: kichwa kinachokuja ghafla kwa ukali usiowahi kuuona, degedege, mkono au mguu kulegea, kuona vitu viwili viwili, homa pamoja na shingo kukakamaa, kutapika kusikoisha, au kuchanganyikiwa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Damu inaweza kuvilia taratibu chini ya utando wa ubongo baada ya uvujaji kama uliopata, na mishipa ya ubongo inaweza kuziba baada ya uzazi. Ulifanya vizuri kupima presha, kwa kuwa kifafa cha mimba kinaweza kujitokeza hata baada ya kujifungua, ingawa kwa miezi minane umeshatoka katika kipindi hicho. Na kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, mwambie daktari.

Mimba ijayo, usiikatae sindano. Nusu kaputi kwa mama mjamzito ina hatari zake, hasa kwenye njia ya hewa, na mara nyingi ni kubwa kuliko kichwa kuuma. Mweleze mtu wa usingizi mapema, kliniki na si mezani, kilichokupata, na umuulize watatumia sindano gani. Geji 25 au 27 ni nyembamba kuliko 22 (namba ikipanda, sindano inapungua unene), na yenye ncha ya penseli inasukuma nyuzi za utando pembeni badala ya kuzikata, hivyo uvujaji ni mdogo sana. Si kila stoo inazo. Ukiuliza wiki kadhaa kabla, kuna muda wa kuitafuta.